Nusu Nyeusi ya Sufuria la Shangazi

Raya hajui kupiga simu kama watu. Hasalimu, haulizi hali, anaanza katikati ya maneno utadhani simu ilikuwa wazi tangu jana. "Zuwena, njoo! Njoo sasa hivi, saa kumi linakuja gari kutoka Rusayl, wanalichukua sufuria la Mama!" Nilikuwa jikoni kwangu Ghubra, hapa Maskati, nnakata vitunguu, na kisu kikaniponyoka. Miaka yote hii tangu Shangazi Thuraya atutoke, Mungu amrehemu, mimi nilidhani sufuria lile lilikwishakwenda na mambo mengine yaliyokwenda. Kumbe lilikuwa Ansab, kwenye stoo ya Raya, binti yake, chini ya mazulia. Sasa Raya anahamia kwa mwanawe, stoo inatolewa vitu, na Asila, mke wa huyo mwanawe, msichana mwema wallahi sina baya naye, kaliona dude lile la shaba akalipenda. Anataka kulitundika ukutani kwenye majlis yake mpya, sebule ya wageni. Kampata fundi Rusayl mwenye mashine ya kung'arisha, atalivua weusi wote mpaka mtu ajione uso. Nikavaa buibui nje ndani, nikaingia garini. Naendesha mwenyewe, na miaka yangu hii sitini na kitu, na wanaonipigia honi wapige mpaka wachoke. Njia nzima sijui nakwenda kulizuia au kuliaga.

Nikalikuta uani, limepinduliwa juu ya gunia, mgongo juu, vile vile kama nilivyokuwa nikilipindua mimi. Na ule mstari upo! Umepita katikati, kutoka ukingo hadi ukingo. Upande mmoja mweusi ti, gamba nene la masizi ya miaka na miaka. Upande wa pili shaba tupu, imefifia, imeanza kuota ukijani kidogo, lakini safi. Asila akanikaribisha, akanishika mkono akanibusu kichwani, akasema, "Bibi Zuwena, hebu niambie weye, nani huyu aliyeanza kazi akaiacha nusu?" Raya akaangua kicheko, akalazimika kushika ukuta. "Mimi," nikamwambia mtoto wa watu. "Ni mimi, na nilikuwa na miaka kumi na tisa, na nilikuwa mjinga kuliko unavyofikiri."

Nilifikaje kwa Shangazi mwaka ule, hayo tuyaache, kila nyumba ina yake. Nilifika na begi moja, na nilikuwa nangoja kazi ya wizarani ambayo kila mtu alikuwa akiniambia iko njiani. Ghubra ya siku zile ilikuwa mchanga na nyumba tano sita, kila mtu anamjua mbuzi wa mwenziwe. Nyumba ya Shangazi ilikuwa na vyumba vitatu na ua mkubwa kuliko vyumba vyote, na maisha yalikuwa uani. Huko nyuma palikuwa na meko ya mawe matatu, kibanda cha mbuzi, na stoo yenye magunia ya sukari, madebe ya samli, na kabati dogo la zaafarani ambalo ufunguo wake Shangazi aliufunga kwenye ncha ya mtandio. Asubuhi tulikunywa chai ya maziwa na mandazi yaliyolala, mchana wali na papa mkavu, na katikati ya hayo ilikuwa halua. Shangazi alipika halua ya harusi, ya Idi, ya aliyerudi Hija, ya aliyejifungua. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikono ya mtu mrefu, na alikuwa mkali, jamani, mkali! Kwa watu wengine halua ya sufuria kubwa hukorogwa na wanaume wawili watatu wakipokezana. Yeye alikoroga peke yake, saa mbili nzima, hapumziki ila kufuta jasho kwa bega. "Halua ya mikono ya watu wengi haina mwenyewe," alikuwa akisema, na anasema hivyo huku anakutazama weye.

Na mimi nilitaka mwiko! Sijui nieleze vipi. Tangu siku ya kwanza nilipoona wanga mweupe unageuka, unaanza kung'aa, unavuta, samli inaingia na kutoka, hiliki inapanda puani mpaka machozi, nilijua nnachotaka duniani, na si wizara. Nikimwomba, Shangazi ananiuliza, "Sufuria umelisugua?" Kazi yangu ikawa masizi. Kuni za msamuri, mti wa miiba wa huku, zina moto mtamu lakini zinaacha masizi ya aina mbili: kuna yale laini ya juu, ukiyagusa tu yanakufuata mpaka kitandani, na chini yake kuna gamba, gumu, linang'aa kama kiatu kilichopigwa dawa. Kila baada ya mapishi nililipindua sufuria kwenye gunia, nikachukua liif, zile nyuzi za mtende, na majivu na maji, nikasugua. Amri ilikuwa moja. "Futa mpaka kidole chako kitoke kisafi, basi, hapo ukome. Gamba usiliguse. Hilo ni koti la sufuria." Nikamuuliza kwa nini sufuria livae koti Maskati kwenye joto hili. "Kwa sababu nimesema," akanijibu, akaenda zake. Kucha zangu zilikuwa nyeusi mwaka mzima. Siku moja kwenye harusi bibi mmoja akanishika kidole, akanisifu, "Mashaallah, piko hiyo imekoza! Kakutia nani?" Nikamwambia kanitia Shangazi Thuraya, na Raya akanifinya paja mpaka nikalia.

Ikaja posa ya Raya. Kijana mwenyewe alikuwa mpole, mhandisi, kwao Nizwa, na nyumba ikajaa furaha na ubani na watu wa kupima nguo. Lakini kwao alikuwapo bibi yake, na bibi huyo habari zake zilifika kabla yake. Wiki ile ya milka, ndiyo kufunga ndoa kwa huku, nilikuwa nimekaa nyuma ya ukuta nnasugua, nikasikia jirani wawili wanazungumza kwa upande wa pili, hawajui kama nipo. Mmoja anasema, "Bibi wa Nizwa anakuja na halua yake mwenyewe, kaifunga kwenye bakuli. Kasema hawa Wazinjibari wanajua mandazi, halua wataijulia wapi?" Wakacheka, kicheko cha pole pole cha watu wenye adabu, ndicho kinachouma zaidi. Nikageuka, nikamwona Shangazi kasimama kwenye mlango wa stoo na kikombe cha samli mkononi. Alikuwa kayasikia yote. Akapima samli yake, akaimimina, akapima tena. Usiku ule hakula. Raya akaniambia chumbani, "Mama yangu katukanwa sana kwa Kiarabu chake tangu tulipotoka Zanzibar kuja huku, anavumilia. Lakini halua? Wakiiacha ile halua sahanini, Zuwena, miye nitaolewa na mama yangu atavunjika."

Basi mimi na akili zangu nikafikiri. Nikajiambia, wanawake wa Nizwa watafika mapema, watapita uani, wataliona sufuria jeusi kama chini ya lori, watasema, ndiyo hao Wazinjibari. Na nikajiambia jingine, la siri, nalo ndilo lililokuwa kubwa: Shangazi akiamka akalikuta sufuria lake linawaka kama siku lilipotoka kwa fundi, mwiko atanipa kwa mkono wake mwenyewe. Siku moja kabla ya milka, baada ya sala ya alasiri, wote wako ndani na Raya wanamtia hina, nikaingia jikoni nikachukua ukwaju. Mtoto yeyote wa kwetu anajua ukwaju na chumvi unavyoifanya shaba. Nikalipaka gamba, nikakwangua kwa kigae, nikapaka, nikasugua kwa mchanga. Lo! Mara ya kwanza ile shaba nyekundu ilipochomoza chini ya weusi, upana wa kiganja, nilipiga kelele peke yangu. Nikasugua nnaimba. Nikasugua mpaka mikono haijijui, nikafika nusu, nikachovya bakuli, tupu. Na hapo hapo Raya akatokea mlangoni, kanyanyua mikono juu, hina mbichi mpaka viwikoni. "Zuwena, Mama anauliza ukwaju wa chatne uko wapi?" Akanitazama. Akatazama sufuria. "Ukwaju wote? Umeutia kwenye matako ya sufuria?" Mikono hakuweza kuitumia, akanipiga teke. Kisha tukatazamana, tukaogopa, wote wawili kwa pamoja. Tukakubaliana tusiseme. Jirani wakatukopesha ukwaju, na mimi kabla ya alfajiri nikawahi kulipandisha sufuria mekoni mwenyewe, uso juu, chini hakuonekani kitu.

Ujinga wangu wote ulikuwa pale. Shangazi alikuja na kanga mbili, moja kiunoni moja kichwani, akapanga kuni zake zile zile kwa idadi ile ile, akawasha, akamimina maji na sukari na wanga, akaanza kukoroga. Haikupita robo saa. Nilikuwa naleta kuni nikasikia mwiko umebadili sauti. Upande wa kibla, uliokuwa juu ya shaba tupu, unatokota kwa fujo, unaruka. Upande wa mlango, juu ya gamba, umelala, hata povu haujatoa. Shangazi hakuinama kutazama chini, wallahi hakuinama. Aliendelea kukoroga, akainua macho. "Zuwena. Nani kalivua koti sufuria langu?" Nikaziangusha kuni. Akasema, "Moto wangu mimi naupimia juu ya gamba lile. Miaka kumi na mingapi. Sasa huku kunaungua na huku ni maji ya uji, na watu wanaingia alasiri." Akavuta kuni kutoka upande wa kibla, upande wa mlango ukazidi kulala, wanga ukaanza kufanya mabonge. Akazirudisha, upande wa kibla ukaanza kutoa harufu, ile harufu ndogo ya kwanza ambayo kila mpishi anaijua. Sukari nyingine hatuna, wanga mwingine wa kuloweka hatuna wakati, na huko barabarani Bibi wa Nizwa anakuja na bakuli lake. Nilimwona Shangazi uso wake umebadilika, na sijapata kumwona mtu mkali akiogopa kabla ya siku ile. Nilitamani ardhi inimeze.

"Unalia nini? Lete mwiko!" Mwiko gani, mwiko ni mmoja, anao mkononi. "Ule wa mlango wa mbuzi!" Kulikuwa na mwiko wa zamani uliopasuka mpini, umefungwa kamba, tunazuilia mlango wa kibanda. Nikaukimbilia, mbuzi wakatoka wakazagaa ua mzima, nikauosha nikarudi. "Simama mbele yangu. Weye upande wa moto, miye upande wa baridi. Unanisukumia ya moto, nnakusukumia ya baridi. Usikate, vuta. Ukisimama tu imeshika, na ikishika nakuzika hapa hapa." Bismillahi, tukaanza. Saa mbili na zaidi, uso kwa uso, moshi machoni, mbuzi wanatafuna kanga kwenye kamba na hakuna wa kuwafukuza. Alinitukana muda wote. Alinitukana mimi, na kucha zangu, na shule niliyosoma. Lakini katikati ya matusi alikuwa akiniambia. "Ukiona inaacha ukingo, ndiyo inataka samli. Sikiliza, imekuwa nzito, unasikia? Bado. Bado. Sasa!" Samli ikaingia, ikamezwa, ikatoka pembeni inang'aa. Zaafarani ikaingia. Ya moto inakwenda kwake, ya baridi inakuja kwangu, mpaka ikafika mahali sikujua tena ipi ni ipi, na mikono ilikuwa inauma mpaka inachekesha, na mimi, Mungu anisamehe, na balaa lote lile nililolileta, nilikuwa na furaha sijapata kuwa nayo.

Alasiri wakaingia. Bibi wa Nizwa alikuwa mdogo, kavaa nguo za kwao za rangi, na bakuli lake kafunga kitambaa, kalipakata kama mjukuu. Wanaume wakafungisha ndoa huko nje, vigelegele vikapigwa, sahani za halua zikaletwa na kahawa. Mimi nilijificha nyuma ya pazia la mlango, na Shangazi alikaa mbele ya yule bibi, mgongo wima, mikono yake kaificha chini ya mtandio. Bibi akachota kwa vidole vitatu. Akatafuna. Akaacha kutafuna, akafikiri, akatafuna tena. Akachota mara ya pili. Mara ya tatu akachota tonge la haja, kisha akalichukua lile bakuli lake, akakaza fundo la kitambaa, akalisukuma nyuma ya mto alioegemea. Halikufunguliwa mpaka wanaondoka. Raya akaanza kulia na wanja wote ukaharibika. Bibi akauliza, kwa Kiarabu kile chao cha bara, "Mkono wa nani huu?" Nilingoja Shangazi aseme wake, ilikuwa haki yake. Akageuka kwenye pazia, kumbe alikuwa ananiona miguu. "Wangu mimi," akasema, "na wa yule pale." Nikaitwa nitoke, na kucha zangu zile, na bibi akanishika mkono akaugeuza juu chini, akaona malengelenge, akanitilia kahawa yeye mwenyewe.

Asubuhi yake nilikuwa nimefunga begi langu. Shangazi akanikuta nalo, akaniuliza nakwenda wapi na sufuria halijasuguliwa. Akanipeleka uani, akalipindua, akaweka kidole kwenye mstari. "Nusu hii uliyoiharibu ni yako. Kila nikipika, utakuja uisugue mpaka ing'ae, kama ulivyotaka. Nusu ile nyingine ukiigusa tena utaniona." Na ikawa hivyo mwaka ule wote. Kila mapishi, mimi na mwiko wa mbuzi upande wa moto, yeye upande wa baridi, kisha nimepiga magoti na ukwaju juu ya nusu yangu. Kazi ya wizara ikaja, nikaichukua, nikaolewa, nikazaa, na bado simu ilipigwa. "Kesho napika. Nusu yako inakungoja." Nikamlalamikia mume wangu, nikasema ajuza huyu hasahau, kosa la siku moja ananilipisha maisha. Lakini nikaenda. Miaka ishirini na zaidi nilikwenda, mpaka mikono yake ilipokataa.

Haya yote nilimsimulia Asila pale uani Ansab, chai inapoa. Nilipomaliza nikajipiga magotini, nikasema, "Basi, mwachieni fundi alichukue. Alisafishe lote. Adhabu yangu imekwisha." Raya akaweka kikombe chini. "Adhabu?" akasema. "Adhabu gani, Zuwena?" Nikamwambia adhabu, si alinihukumu kusugua. Akanitazama namna ile alivyonitazama siku ya ukwaju. "Weye hujui? Miaka yote hii hujui? Mimi nilimwambia Mama, si mara moja. Nikamwambia, Mama, tumalizie na nusu hii, siku moja tu, liwe lote shaba, utaupima moto upya, upike peke yako kama zamani, halua iwe na mwenyewe. Alinitolea jicho! Akaniambia, 'Likiwa sawa nitalikoroga mwenyewe. Sasa Zuwena atakuja kufanya nini kwangu?'"

Asila akanishika bega, akaliacha. Nikainama, nikaweka kiganja juu ya gamba, lile koti, lilikuwa limepata joto la jua. Nikapitisha kidole, nikakitazama. Kisafi. Mtu alikuwa amelifuta masizi laini kabla ya kulifungia stoo, akaliacha gamba, na mimi sikuwapo mara ile ya mwisho, na Raya akatikisa kichwa kuwa si yeye, kwa hiyo Shangazi alilifuta mwenyewe, kwa mikono ile iliyokataa. Hapo nikalia, tena kwa sauti, kama mtoto, na Raya naye akanisaidia.

Nje ikapigwa honi. Gari la Rusayl, saa kumi kamili, siku ambayo ningependa fundi achelewe kama mafundi wote. Asila akanitazama mimi, akamtazama mama mkwe wake, hajui la kufanya. Mimi nilijua. Nikapandisha buibui langu, nikalikalia sufuria, katikati kabisa, juu ya mstari, matako yangu haya nusu kwenye weusi nusu kwenye shaba. "Mwambie akuwie radhi, mwanangu, umemsumbua bure," nikamwambia Asila. "Ukuta wako utapata picha. Hili lina kazi Idi hii, na kazi yake inataka watu wawili. Raya, acha kulia. Ukwaju unao?"

"Upo wa chatne," akasema Raya.

"Lete wote."